Kichwa Kizito, au Darasa Tanuri?

Kabla hujamfokea mwanao kwa ripoti mbaya, nenda ukakae kwenye dawati lake saa nane mchana.

Ripoti za shule zikitoka, nyumba nyingi hapa mjini huwa hazikaliki. Baba anaishika ile karatasi kama hati ya mashitaka, anaisoma mara mbili, kisha anaanza: "Huyu mtoto wako..." (Si unaona? Akifeli ni wa mama, akifaulu ni damu ya baba!) Mama naye hakubali. Tatizo ni mwalimu, au ni hiyo tivii, au ni baba mwenyewe ambaye tangu mwaka uanze hajafungua daftari hata moja. Wanalala wamepeana migongo. Mtoto yuko chumba cha pili anasikia kila neno, na wiki inayofuata anatafutiwa tuisheni ya jioni.

Mpenzi msomaji, katika ugomvi wote huo kuna mshitakiwa mmoja ambaye hatajwi kabisa. Ni chumba. Mtoto anakaa darasani saa sita, saba kwa siku, karibu siku zote za juma, miaka nenda rudi. Sisi wazazi tunajua ada, tunajua rangi ya sweta, tunajua hadi yule dereva wa basi la shule anaitwa nani. Lakini waulize wazazi kumi kama darasa la mtoto wao lina dari, na madirisha yake yanaelekea upande gani. Watakushangaa!

Sasa twende kwenye hesabu. Mwaka 2020 watafiti wa uchumi wa Marekani walichapisha uchunguzi wa alama za wanafunzi milioni 10 wa sekondari waliofanya mtihani wa aina moja zaidi ya mara moja. Walichokiona ni hiki: mwaka wa masomo ukizidi joto kwa nyuzi 1 ya Farenhaiti, yaani zaidi kidogo tu ya nusu nyuzi ya Selisiasi, kile ambacho mwanafunzi anajifunza mwaka huo kinapungua kwa asilimia 1 katika shule zisizo na viyoyozi. Na walioumia zaidi ni watoto wa familia za kipato cha chini. Miaka mitano kabla ya hapo, mwaka 2015, watafiti wa Chuo Kikuu cha Salford, Uingereza, walimaliza kazi yao kwenye madarasa 153 ya shule 27 za msingi, wanafunzi 3,766. Walipima mwanga, joto, hewa, rangi, na kama chumba kinaweza kupangwa kwa namna mbalimbali. Wakasema asilimia 16 ya tofauti ya maendeleo kati ya mtoto na mtoto kwa mwaka inaelezwa na chumba chenyewe. Siyo mwalimu, siyo akili. Chumba!

Na hapo tunaongelea Uingereza, ambako jua lenyewe ni la kubembeleza.

BATI, JUA NA WATOTO SITINI

Tuseme ukweli kuhusu darasa letu la kawaida. Kuta za tofali, madirisha ya nondo, juu bati, na kati ya bati na kichwa cha mtoto hakuna kitu. Bati tupu lililopigwa na jua la mchana linaweza kupita nyuzi joto 60. Hapo halihitaji kugusa mtu, linarusha joto chini kama mkaa unavyochoma uso wako hata kabla hujasogelea jiko. Ongeza na watoto wenyewe. Mtu mzima aliyekaa tu bila kufanya kazi hutoa joto la karibu wati 100, sawa na ile balbu ya zamani iliyokuwa inaunguza vidole. Mtoto hutoa pungufu kidogo, lakini wakusanye 60 kwenye chumba kimoja na utapata jiko la umeme la kilowati tatu au nne linalowaka tangu asubuhi mpaka kengele ya mwisho. Halafu tunashangaa eti mtoto anasinzia kipindi cha hisabati.

Mvua nayo ikinyesha kwenye bati lisilo na dari, somo limekwisha. Mwalimu anaweza kupiga kelele mpaka koo likauke, mstari wa tatu hausikii. Ukisoma shule ya aina hiyo unakumbuka: chaki inawekwa mezani, mnasubiri wingu lipite.

Siwalaumu waliojenga. Ada za shule za msingi zilipofutwa mwaka 2002, na tena elimu bila ada ilipopanuliwa mpaka sekondari kuanzia Januari 2016, watoto walifurika na kila mtu alitaka kitu kimoja tu: vyumba, haraka! Fedha za UVIKO-19 zilipokuja mwaka 2021, serikali ilijenga madarasa 15,000 kwa miezi michache. Ni kazi kubwa, tena yenye kustahili pongezi. Lakini tukijenga kwa spidi hiyo, ramani inayofanana inasimama Lindi kwenye joto na Makete kwenye baridi, na fundi anageuza jengo kulingana na kiwanja kilivyokaa, siyo kulingana na jua linakotoka.

Hilo la jua ndilo linaloniuma zaidi, maana halina gharama. Sisi tuko karibu na ikweta. Jua linachomoza mashariki, linapita utosini, linazama magharibi. Ukilaza jengo ili kuta zake ndefu, zile zenye madirisha, zitazame kaskazini na kusini, jua la asubuhi na la jioni linapiga kuta fupi zisizo na madirisha, basi. Huku Pwani unapata na zawadi juu yake: upepo wa kaskazi unaingia upande mmoja kuanzia Desemba, na wa kusi unaingia upande wa pili miezi ya katikati ya mwaka. Ukiligeuza jengo lile lile kwa robo duara, watoto wa madirisha ya magharibi wataoka kila siku kuanzia saa nane. Tofali ni zile zile, saruji ni ile ile. Kilichobadilika ni kamba ya fundi siku ya kwanza tu.

Wazee wetu walilijua hili bila digrii. Angalia nyumba za Mji Mkongwe wa Unguja: kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa, vyumba virefu kwenda juu, ua katikati ambao hewa ya moto inapandia. Ingia humo mchana wa Februari halafu toka uingie kwenye fremu ya duka la kisasa lenye kioo mbele. Utanieleza.

KIJANA WA GANDO

Sasa nikupe stori moja ambayo kila kamati ya shule ingepaswa kuijua. Francis Kéré alizaliwa mwaka 1965 katika kijiji cha Gando, Burkina Faso. Baba yake alikuwa mkuu wa kijiji. Gando hapakuwa na shule, hivyo akiwa na miaka saba alipelekwa kwa ndugu mjini Tenkodogo akasome. Darasa lake lilikuwa la moto, giza, na watoto zaidi ya 100 wamebanana humo. Unalifahamu darasa hilo, siyo?

Likizo ikiisha alikuwa anapita nyumba kwa nyumba kuaga. Mwenyewe amesimulia kwamba akina mama wa kijiji walikuwa wanafungua nguo zao na kumpa sarafu yao ya mwisho. Mtoto akashangaa, akamuuliza mama yake kwa nini wanampenda hivyo. Mama akamwambia wanachangia masomo yake, wakitumaini siku moja atafanikiwa na kurudi kusaidia.

Mwaka 1985 alipata nafasi ya kwenda Ujerumani kujifunza useremala. Akaendelea na shule, akaingia Chuo Kikuu cha Ufundi cha Berlin kusomea usanifu majengo. Mwaka 1998, akiwa bado mwanafunzi, alianzisha chama cha kuchangisha fedha za kujenga shule kwao. Hakusubiri vyeti!

Aliporudi na michoro, wanakijiji walivunjika moyo. Udongo? Mtu amekaa Ulaya miaka yote hiyo halafu anarudi kutuambia tujenge kwa udongo, ambao sote tunajua mvua moja inaumomonyoa? Wao walitaka zege, kama Ufaransa. Mwenzangu, hebu jaribu leo kuwaambia wazazi wa shule yoyote hapa Bongo kwamba utatumia udongo, uone utakavyoangaliwa. Kwetu udongo ni umaskini, bati na bloku ni maendeleo. Kéré alilazimika kuwaonyesha kwa vitendo kwamba tofali la udongo lililochanganywa na saruji kidogo na kushindiliwa kwa mashine ya mkono halimomonyoki ovyo.

Kisha kijiji kizima kikaingia kazini. Watoto walibeba mawe ya msingi, wanaume walifyatua tofali, akina mama walileta maji na kupiga sakafu kwa pamoja mpaka ikawa laini. Shule ikamalizika mwaka 2001: vyumba vitatu tu kwenye mstari mmoja.

Siri iko juu. Dari ni ya tofali zile zile za udongo zilizolazwa juu ya nondo, zikiwa na nafasi za kupitisha hewa. Juu yake, kwa umbali mzuri, ndipo lilipo bati, limeinuliwa kwa fremu ya nondo zilizochomelewa hapo hapo kijijini. Vijana wa kijiji walifundishwa kutumia msumeno wa mkono na mashine ndogo ya kuchomelea, hakuna kreni wala nini. Bati likipata moto, joto linabaki juu ya dari na upepo unalipitia na kuondoka nalo. Hewa ya ndani ikipata moto inapanda, inatoka kwenye matundu ya dari, na hewa baridi zaidi inavutwa kupitia madirishani. Bati pia limezidi kuta kwa mbali, hivyo mvua haiufikii udongo na jua haliingii darasani. Hakuna umeme unaotumika. Hata waya haupo!

Na kati ya darasa na darasa aliacha uwazi, ukiwa chini ya paa lile lile. Hapo watoto wanacheza, wanakula, wanafundishwa nje joto linapozidi. Kwa gharama ya paa tu shule ya vyumba vitatu ikawa na vyumba vitano.

Mwaka 2004 shule ile ilipata Tuzo ya Aga Khan ya usanifu majengo. Wanafunzi walianza 120, baada ya kuongezwa majengo wakafika 700. Mwaka 2022 Kéré akawa Mwafrika wa kwanza kupewa tuzo ya Pritzker, ambayo kwa wasanifu ni kama Kombe la Dunia. Majirani zetu wa Kenya wana kazi yake pia: chuo cha teknolojia ya habari kwenye ukingo wa Ziwa Turkana, kilichokamilika mwaka 2021, chenye minara mirefu ya kutolea hewa ya moto iliyoigwa kwenye vichuguu. Ndiyo, mchwa! Hewa safi inaingia chini, ya moto inatokea juu, na kompyuta hazichemki, katika moja ya sehemu zenye joto kali kuliko zote Kenya.

"MADARASA YETU YANA AC"

Siku hizi shule binafsi nyingi zinajitangaza kwa sentensi hiyo, na mzazi akiisikia anaingia mfukoni bila kujiuliza. Siichukii AC, nyumbani kwako itumie utakavyo. Lakini piga hesabu. Kiyoyozi cha kilowati 1.5 kikifanya kazi mfululizo saa sita kinakula uniti 9 za LUKU. Vyumba kumi ni uniti 90 kwa siku, na anayezilipa ni wewe, zimefichwa ndani ya ada. Umeme ukikatika, darasa lililojengwa kwa kutegemea AC linakuwa baya kuliko la kawaida, maana madirisha yake ni madogo na mengine hayafunguki kabisa.

Kuna jambo lingine ambalo wazazi wengi hawalijui. Viyoyozi hivi vya ukutani tulivyovizoea haviingizi hewa mpya, vinazungusha ile ile iliyomo ndani. Watoto 40 wamefungiwa humo tangu asubuhi, wanapumua pumzi za wenzao, mmoja ana mafua Jumatatu, Ijumaa darasa zima linapiga chafya. Kichwa kinauma, usingizi unakuja, ila safari hii kwa ubaridi.

UKUTA NAO UNAFUNDISHA

Joto ni nusu ya habari. Nusu nyingine ni namna chumba kilivyopangwa. Mtaala wetu tangu mwaka 2005 unadai umahiri: mtoto ajadili, atende, afanye kazi kwa kikundi. Mitaala iliyoboreshwa iliyoanza kutumika Januari 2024 inasisitiza hayo hayo. Sasa nenda kaangalie dawati: benchi na meza vimechomelewa pamoja, watoto watatu bega kwa bega, wote wanatazama ubao na visogo vya wenzao. Hicho kikundi wanakifanyaje? Kampeni ya madawati ya mwaka 2016 ilitoa watoto wengi sakafuni, jambo jema sana. Ila meza ndogo nyepesi na kiti chake, ambavyo watoto wenyewe wanaweza kuvisogeza kwa dakika mbili, vingewapa walimu darasa la aina tatu ndani ya chumba kimoja.

Mfano ninaoupenda umetoka kwa mtu na mkewe. Takaharu na Yui Tezuka, wasanifu wa Japani, walibuni shule ya awali ya Fuji nje kidogo ya Tokyo, iliyokamilika mwaka 2007. Jengo ni duara, paa lake ni uwanja wa kukimbilia, miti imepenya kwenye paa, na ndani hakuna kuta za kudumu kati ya darasa na darasa. Samani ni masanduku mepesi ambayo yanapangwa na kupangwa upya. Mzunguko wa paa ni mita 183, na kuna mtoto alipimwa akakutwa amekimbia mita 6,000 asubuhi moja! Mtoto asiyetaka kukaa anaruhusiwa kutoka. Kwa kuwa jengo ni duara, akizunguka anarudi pale pale alipoanzia. Hakuna kona ya kumsimamisha mtu. (Baba zetu wasingependa kusikia hilo.)

Lakini tusikurupuke tukabomoa kuta kesho. Marekani na Uingereza miaka ya 1960 na 1970 walipata wazimu wa shule zisizo na kuta, madarasa manne katika ukumbi mmoja. Kelele ziliwashinda. Walimu walianza kujikinga kwa kabati na mbao, na baadaye kuta nyingi zikarudishwa. Na sisi wenye darasa la watoto 60 ndiyo tusiseme kabisa. Kinachofaa kwetu ni cha Gando: chumba chenye ukuta wa kukata kelele, na nje yake kibaraza kipana chenye kivuli na ubao mwingine ukutani. Kikundi kimoja ndani, kimoja nje, mwalimu amesimama mlangoni anawaona wote.

UNAANZIA WAPI?

Kama unatafuta shule ya mwanao mwaka ujao, usiende asubuhi ile ya kukaribishwa na juisi. Nenda saa nane mchana, baba na mama pamoja, muombe kuketi darasani dakika ishirini. Simu zizimwe. Angalia juu kama kuna dari. Angalia kama madirisha yako pande zote mbili, maana dirisha la upande mmoja halipitishi upepo. Zima taa uone kama unaweza kusoma kitabu kwenye dawati la mwisho. Ukitoka hapo jasho linakutiririka, huna haja ya kuuliza wastani wa ufaulu kwanza.

Kama mtoto yuko shule ya serikali, usiseme "mimi nitafanya nini". Wazazi ndio wanaochangishwa, na kikao cha wazazi ni chako. Pale panapotakiwa kujengwa darasa jipya, swali la kwanza liwe kuta ndefu zinatazama wapi, kabla msingi haujachimbwa, kwa sababu baada ya hapo huwezi kuligeuza. Uliza kuhusu tofali za kufungamana za udongo na saruji ambazo NHBRA, wakala wa serikali wa utafiti wa nyumba bora, wamekuwa wakizihamasisha. Hazichomwi kwa kuni kama zile za tanuru, na kijiji kinaweza kuzifyatua chenyewe. Omba tofali za matundu juu ya madirisha na kwenye kuta fupi karibu na paa, hewa ya moto ipate pa kutokea.

Darasa ambalo limeshajengwa nalo halijafa. Dari, hata ya mbao nyepesi, inakata joto na kelele za mvua kwa pamoja. Bati likipakwa rangi nyeupe linarudisha sehemu kubwa ya jua lilikotoka, na likizo moja inatosha kwa fundi na ngazi. Upande wa magharibi pandeni miti, mwarobaini unafaa sana maana hauogopi ukame, ila msiusogeze karibu na msingi mpaka mizizi ikapasua ukuta.

Ajenda hiyo ipelekeeni kamati mapema, kwa maandishi, kabla fedha za ukarabati hazijapangiwa kazi ya geti.